Sauti Imepoa, Nibadilishe Mashine?

Wasikilizaji wangu, leo nawapandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, katika nyumba moja ya Ixelles hapa Brussels, kwa mzee wa Bukavu ambaye mimi humwita Papa, kama Wakongo wa hapa wanavyowaita watu wa rika lake. Alinipigia simu wiki tatu zilizopita. Hata salamu alisahau. "Mdogo yangu, hii risiva yangu imekufa roho. Sauti iko inakata masikio. Iko baridi. Nataka ingine, ya moto."

Risiva, kwa asiyeijua, ni lile boksi zito linalokaa chini ya televisheni, linapokea sauti ya filamu au ya simu, linaikuza na kuigawa kwenye spika. Kwetu Tanzania seti nzima tunaiita sabufa, ingawa sabufa yenyewe ni spika moja tu, ile ya besi. Fundi wa Kariakoo akikuuliza sabufa yako ina spika ngapi, hajakosea, ndivyo lugha ilivyokubali. Papa ana ya spika tano na besi yake, umri wake miaka kumi hivi. Duka moja limemwonyesha mpya ya euro 850, na muuzaji kamhakikishia kuwa kampuni hiyo inasifika kwa sauti yenye joto.

Nikamwambia, Papa, pesa yako ishike kwanza. Nakuja Jumamosi.

Njiani nilikuwa nalitafakari hilo neno lake. Sisi hatuna mazoea ya kupima sauti kwa joto. Sauti tukiipenda tunasema nzito, nene, nyororo, imekolea. Tukiichukia tunasema kali, inakwaruza, ya bati. Lakini nilimwelewa, na mafundi wa sauti nao wana jambo hilohilo katika namba zao. Sauti ya joto ni ile iliyoshiba pale chini, tuseme kati ya hezi 100 na 300, palipo kifua cha mwimbaji na mbao za gitaa. Halafu ikapunguzwa kidogo kati ya hezi 2,000 na 5,000, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko pengine popote. Ni mteremko tu. Ukiulaza mteremko ule sawasawa, watu wa vipimo watakusifu. Ukiuinua upande wa juu, s na sh zinaanza kuchoma kama sindano.

Tena kuna kumbukumbu. Papa alikua na redio ya valvu ya baba yake, kasha la mbao, spika moja ya karatasi mbele. Mimi nilikua Tanga na redio ya National, zile ambazo kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilikuwa kikizitengeneza pamoja na betri zake. Tulisikiliza masafa ya kati na masafa mafupi. Vituo vya masafa ya kati hupangwa umbali wa hezi 9,000 au 10,000 kutoka kimoja hadi kingine, kwa hiyo muziki unaofika nyumbani huwa umeshakatwa kichwa: juu ya hezi 5,000 hivi hakuna kitu. Matoazi hayapo, pumzi ya mwimbaji haipo. Kinachobaki ni koo, gitaa na ngoma. Tulilelewa na sauti iliyonyimwa trebo, tukaiita tamu. Sisemi tulikosea. Ilikuwa tamu kweli.

Msikilize Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978. Mikanda aliyorekodi Radio Tanzania na Super Matimila imekaa kama watu wako chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu. Kisha weka zile alizorekodi Uingereza kwa kampuni ya Real World mwishoni mwa miaka ya 80: kila kidole kwenye waya wa gitaa unakiona. Mimi nazipenda zote mbili, ila nikitaka kulala naweka ya kwanza.

Basi, nikafika. Nyumba za Ixelles mnazijua kwa picha: nyembamba, ndefu, za matofali, zimebanana kama vitabu rafuni. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye uwezo, siku hizi kila ghorofa ina mpangaji wake. Ndani unakuta vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa, cha mbele kinatazama barabara, cha nyuma kinatazama bustani, cha kati kina giza. Dari liko mita tatu na zaidi. Sakafu ni ya mbao tupu. Madirisha marefu kutoka kiunoni hadi karibu na dari. Sebule ya Papa ina sofa ya ngozi, meza ya kioo, jiko la kuotea moto la marumaru ambalo halijawashwa miaka, na kuta nyeupe. Kuta zina picha mbili na kitenge kimoja.

Kabla sijaketi nikasimama katikati nikapiga kofi moja. Kofi likajibiwa. Si mwangwi wa mlimani, ni kile kitetemeshi cha haraka, trrr, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye chanuo. Papa akanitazama. Nikapiga la pili. Akasema, "Kumbe." Ameishi humo miaka tisa na hakuwahi kukisikia.

Hilo ndilo boksi la kwanza linalopaswa kubadilishwa, wasikilizaji: chumba. Spika inatoa sauti mara moja, ukuta mtupu unairudisha, dirisha linairudisha, kioo cha meza kinairudisha, na vyote hivyo vinarudisha trebo zaidi kuliko besi, kwa sababu besi hupenya au hutikisa ukuta ikapotea. Sikio linapokea trebo mara tano na besi mara moja na nusu. Halafu tunailaumu risiva.

Hapa lazima niende kando kidogo, kwa sababu ushahidi wa ninachosema uko mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwa Papa. Ukishuka kutoka Matonge, ile mitaa ya saluni na mihogo na samaki wa kukausha karibu na Porte de Namur, ukaifuata Chaussée d'Ixelles hadi chini, unafika kwenye uwanja wa Flagey na vidimbwi vyake. Pale pana jengo la matofali ya manjano lenye mnara, wenyeji wanaliita meli. Lilichorwa na Joseph Diongre, likajengwa kati ya 1935 na 1938, liwe makao ya redio ya taifa ya Ubelgiji. Nyumba ya redio! Mtu wa kazi yangu nikipita hapo huwa navua kofia.

Tazama walivyofikiri. Studio waliziweka kwenye moyo wa jengo, ofisi wakazizungusha nje kama koti, ili tramu na magari yapige kelele kwa makarani na si kwa wapiga fidla. Studio zenyewe zilipewa ukubwa na maumbo mbalimbali, kila moja kwa kazi yake: hii ya kusoma habari, hii ya mchezo wa kuigiza, hii ya okestra. Kubwa kuliko zote ni Studio 4, kuta zimevishwa mbao. Redio na televisheni zilihamia mtaa mwingine miaka ya 70, jengo likachoka, karibu lipotee, kisha likafunguliwa upya mwaka 2002 kama nyumba ya muziki. Hadi leo wanamuziki wanaililia Studio 4. Mitambo ya mwaka 1938 imeshatupwa zamani, imebadilishwa mara nyingi. Chumba hakijabadilishwa. Watu wanalipia chumba.

Nilimpeleka Papa pale Jumapili iliyofuata kusikiliza kwaya. Alitoka amenyamaza, akasema neno moja tu, "Mbao." Mimi nikasema ndiyo, lakini usianze kubandua mlango.

Turudi ghorofani. Kwanza zulia nene, la sufu, kati ya sofa na spika. Hilo alikuwa nalo, limekunjwa chini ya kitanda tangu mkewe alipolalamikia vumbi. Pili, rafu ya vitabu tukaihamishia ukuta wa pembeni. Mahali pa kuiweka tulipata kwa kioo cha kunyolea: mmoja anakaa kwenye sofa, mwingine anapitisha kioo ukutani, na pale mwenye kukaa anapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda kumfikia. Tatu, mapazia mazito. Kuhusu kitenge alichokuwa ametundika kwa ushauri wa mtu, nilimwambia ukweli: kitenge kimoja kilichonyooshwa ukutani ni pambo. Kitambaa chembamba hakimezi kitu. Nyuma yake tia blanketi, kiache na mikunjo, hapo kitafanya kazi na bado kitapendeza.

Spika za mbele alikuwa amezielekeza usoni kwake kama bunduki. Tukazigeuza nje kidogo, ile spika ndogo ya trebo isimtazame moja kwa moja. Tukazisogeza ukutani shubiri moja, kwa sababu ukuta huongeza besi bila kutoza senti. Hapo pekee nusu ya ugomvi ilikwisha.

Nusu. Kwa maana Papa aliketi, akasikiliza wimbo mzima wa Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, akasema, "Sasa haikati. Lakini bado iko ndogo. Haina mwili." Nikatazama namba kwenye risiva. Sauti ilikuwa chini mno, ya mtu anayesikiliza redio huku mgonjwa amelala chumba cha pili.

"Papa, mbona chini hivi?"

Akanyoosha kidole sakafuni. Chini yake anaishi bibi mmoja Mbelgiji, mjane, mpole, anayemletea keki kila Krismasi. Mara moja tu, miaka ya nyuma, alipanda ngazi saa nne usiku na gauni la kulalia kuomba apunguze. Hakugombana. Aliomba tu. Tangu siku ile Papa hajawahi kuvuka namba fulani kwenye risiva, mchana wala usiku.

Basi ugonjwa ukapatikana. Na ninaamini ndio ugonjwa wa wengi wetu huku, si Ixelles tu, hata wale wa London na Minneapolis wanaoishi juu ya mtu na chini ya mtu. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha michoro ya jinsi sikio linavyopima sauti. Waligundua kwamba sikio si mizani ya haki. Ukipunguza sauti, besi haipungui sawa na vingine, inapotea kwanza. Kwa sauti ya chini, ya maongezi ya kunong'ona, noti ya hezi 100 inahitaji zaidi ya desibeli 20 za ziada ili isikike sawa na noti ya hezi 1,000. Ukipandisha sauti, pengo hilo linapungua. Ndiyo maana bendi ileile ukiisikiliza uwanjani ni nene, ukiisikiliza chumbani kwa woga ni nyuzi. Bukavu baba yake Papa alifungua redio hadi wapita njia wakasimama. Tanga sisi tulipima redio nzuri kwa kuuliza inafika nyumba ya ngapi. Muziki wetu tuliujua kwa sauti ya juu. Huku tumeuteremsha kwa heshima ya jirani, na mwili wake ukabaki ngazini.

Risiva mpya ya euro 850, ikiwekwa kwenye namba ileile ya woga, ingetoa wembamba uleule.

Dawa ipo, na kwa Papa ilikuwa tayari ndani ya mashine yake ya zamani, haijawahi kuguswa. Risiva nyingi za miaka hii zina maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Unaiweka penye kichwa chako, mashine inapiga vilio vyake, inajipanga. Zile za Denon na Marantz mara nyingi hutumia mfumo uitwao Audyssey, na ndani yake kuna kitufe cha Dynamic EQ, kinachoongeza besi kila unapopunguza sauti, kwa hesabu inayofuata njia ile ya Fletcher na Munson. Yamaha nao wana chao, YPAO Volume. Amplifaya za zamani zilikuwa na kitufe kimeandikwa Loudness. Vijana walikibonyeza kwa sifa, kumbe kiliwekwa kwa ajili ya watu wenye majirani. Maikrofoni ya Papa tuliikuta ndani ya boksi la kiatu pamoja na risiti.

Kingine tulichokuta: risiva ilikuwa inachukua nyimbo za zamani, zilizorekodiwa kwa maikrofoni moja na njia moja ya sauti, na kuzisambaza spika zote tano, ati ukumbi wa sinema. Mwenda Jean Bosco akawa anaimba kutoka mgongoni mwa Papa. Tukaiweka Stereo ya kawaida, spika mbili za mbele na besi. Sauti ikarudi kuwa mtu mmoja, mbele yako, ameketi.

Sitaki mnielewe vibaya, kwamba mashine mpya ni upuuzi. Zipo sababu. Spika zako zikiwa za omu 4 na risiva inachemka hadi kujizima, badilisha. Ikiwa televisheni mpya na risiva ya zamani hazielewani waya, badilisha. Ikiwa haina kabisa mfumo wa kupima chumba, badilisha. Lakini usinunue wati. Kutoka wati 80 hadi 100 unaongeza desibeli 1 tu, na ni shida hata kwa fundi kuitambua. Katika maongezi ya kawaida ya filamu, spika inakula wati moja au pungufu. Zile nyingine zote zimelala, zinangoja bomu lilipuke. Na zile sifa za kampuni, kwamba hii ni ya joto na ile ni ya baridi: maadamu hujaisukuma mashine hadi mwisho, tofauti kati ya risiva mbili nzuri ni ndogo kuliko tofauti ya kufunga pazia na kulifungua. Muuzaji hawezi kukuambia hivyo, hauzi mapazia.

Anayetaka kuchezea joto la kweli la zamani, bila kutupa pesa, atafute amplifaya ya stereo ya mtumba. Ipo moja maarufu, NAD 3020, ilitoka mwaka 1978, wati 20 tu kwa kila upande, bei ndogo, na ilipendwa dunia nzima kwa sauti yake nene. Wati 20! Hapa Brussels pana gulio la Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, kila asubuhi, unakuta mashine za namna hiyo zimelazwa juu ya mawe kati ya vikombe na picha za wafu. Mtu mwenye jicho anaokota. Ila jueni kwamba kapasita za umri huo zimekauka, zinahitaji fundi kabla ya kuziamini, na waya wake wa umeme ukauangalie mara mbili. Papa tayari ameniomba twende wote, nami nimekubali, kwa udhaifu tu.

Wakati wetu unakaribia kwisha, watu wa mitambo wananionyesha vidole. Nimalizie na kilichotokea Jumamosi ile jioni. Baada ya kupima chumba na kuwasha kile kitufe, tulitafuta namba ya usiku. Skrini za risiva hizi huonyesha namba za kutoa, kwa sababu sifuri ni sauti kamili ya ukumbi wa sinema, nasi sote tunaishi chini ya sifuri. Mimi nilibaki juu, Papa akashuka kugonga kwa bibi, akaomba kukaa jikoni kwake dakika tano. Nikapandisha kidogo, kidogo tena. Akawa ananipigia simu kutoka kule chini: bado, bado, hapo naisikia. Tukarudi hatua mbili. Bibi akampa kahawa.

Namba tukaziandika kwenye kipande cha karatasi, Papa akakibandika nyuma ya rimoti kwa plasta ya kidonda. Mstari wa kwanza: kabla ya saa nne usiku, kutoa 27. Mstari wa pili: baada ya saa nne, kutoa 36. Jana nilipita kuchukua kofia yangu niliyoisahau, nikaigeuza ile rimoti. Mstari wa tatu ameuongeza mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: Jumapili mchana, bibi yuko kwa binti yake Liège, kutoa 12.